Mkopo wa Shavu Moja

Ukishakaa kwenye kiti cha Kiwembe, huna ubavu wa kukataa kitu. Si kwamba Kiwembe mwenyewe alikuwa mtu wa kutisha. Mwembamba kama mpini wa brashi yake ya povu, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja kuficha pengo. Kutisha kulikuwa kwa kiti. Kiti cha chuma, kizito, ngozi yake nyekundu imepasukapasuka. Unakanyaga pedali mteja anapanda juu kama waziri, unavuta mkono wa pembeni analala chali kama maiti. Alikirithi kwa bwana aliyemfundisha kazi. Sasa wewe umelazwa pale, taulo la moto limekulegeza, povu limefika puani, wembe uko kwenye koromeo, halafu Kiwembe anakuuliza, "Au siyo?" Utasema nini? Utasema "mmh." Na kwa Kiwembe, "mmh" ilikuwa ndiyo.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akishinda mabishano yote ya mtaa. Watu wazima waliinuka pale wakiwa wamekubali mambo ambayo barabarani wangeyarushia ngumi. Hakuna aliyeumia, kwa sababu ulikuwa mpira tu na siasa za watu wa mbali. Tatizo lilianza siku Kiwembe alipoamua kuitumia hiyo "mmh" kununulia nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndiyo hiyo hiyo yenye kile kiti. Mbele chumba cha kinyozi, kimetazama barabara. Nyuma ua wa saruji wenye bomba moja linalotoa maji kwa kukohoa, kamba za nguo, na vyumba vya kupanga vimeuzunguka. Viwili kati ya hivyo alikaa Kiwembe na mkewe, Mama Pacha, na hao pacha wenyewe, ambao siku hizi ni mabinti wakubwa wa kugombania kioo. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mpole. Alipofariki, wanawe wakasema wanauza.

Binti yake mkubwa, mtu mstaarabu sana, alikuja mwenyewe.

"Mjomba," alimwambia Kiwembe, "wewe umekaa hapa tangu mimi nasuka mikia miwili. Nafasi ya kwanza nakupa wewe. Lakini ndugu zangu hawana subira. Mwisho ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kwa wakili, pesa yote. Ikipita hiyo, kuna mtu wa magari."

Mtu wa magari hakuwa na haja na nyumba. Alitaka kiwanja. Abomoe, amwage kokoto, apange magari yake ya kuuza. Na hakusubiri kualikwa. Alikuja na futi ya kamba, akaingia mpaka ndani, akapachika kile kichwa cha futi kwenye mkono wa kiti, mteja amelala pale na povu lake, akavuta mpaka ukuta wa nyuma.

"Endelea na kazi, kinyozi, wala usijali," alisema. "Hapa naona litakaa basi dogo. Na hapo kwenye kioo chako ndipo geti."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Kiwembe alimkata mteja. Kidogo tu, chini ya sikio. Lakini alimkata.

Alikwenda benki. Wakamuuliza hati ya mshahara. Akawaambia yeye analipwa na vichwa vya watu. Wakamshukuru kwa kufika.

Akarudi, akachukua kadibodi, akaandika kwa herufi kubwa: WEKA PESA KWA KIWEMBE, NYUMBA INANUNULIWA, FAIDA NJE NJE. Akaibandika kwenye kioo. Mama Pacha alipotoka nyuma na ndoo yake, akaisoma, akaiweka ndoo chini.

"Baba Pacha, hii umeiandika wewe?"

"Kwani ina kosa?"

"Vaa shati. Twende kwa wakili kabla hujafungwa."

Wakili alikuwa mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la dawa, meza yake imejaa mafaili hadi kikombe cha chai anakishikilia mkononi kwa kukosa pa kukiweka. Alisikiliza hadithi yote. Ilipofika kwenye kadibodi, akaacha kunywa.

"Iko wapi hiyo sasa hivi?"

"Kwenye kioo."

"Ukirudi, uibandue kabla hujavua viatu. Sikia, baba. Kukopa kwa kaka yako, kwa shemeji yako, kwa rafiki yako unayemjua, hakuna anayekukataza. Lakini ukiwaita watu wa barabarani walete pesa uwape faida, hiyo ni biashara ya wenye leseni. Huna leseni, mteja wako wa kesho atakuwa polisi, na hatakuja kunyolewa."

Mama Pacha akamtazama mumewe kwa jicho la pembeni. Kiwembe akajifanya anasoma kalenda ukutani.

"La pili," wakili akaendelea, "hao ndugu wanakukopesha, au wananunua nyumba pamoja na wewe?"

"Si yote ni pesa, mama?"

"Si yote. Anayekukopesha anarudishiwa chake na ziada mliyokubaliana, nyumba inabaki yako. Anayenunua na wewe, jina lake linakaa kwenye hati, na siku akitaka kuleta mbuzi wake hapo uani, anawaleta, na wewe utawafagilia."

"Mbuzi hapana," alisema Mama Pacha.

"Basi ni mkopo. Kila mmoja karatasi yake. Kiasi, ziada, lini unaanza kurudisha, wapangaji wakihama inakuwaje, wewe ukifa inakuwaje. Usiwafiche hata baya moja. Waende nayo nyumbani, waisome, walale nayo. Na kama pesa ni ya mke na mume, wote wawili wasaini. Nimeacha nafasi mbili, mnaziona? Hii siyo karatasi ya kunifurahisha mimi. Ni ya kufanya mwakani bado msalimiane."

Na mwanzoni Kiwembe alifuata kila neno. Kaka yake mkubwa, dereva mstaafu wa malori, alipelekewa karatasi nyumbani. Akaisoma kwa miwani ya mkewe, mkewe akaisoma kwa miwani hiyo hiyo, wakabishana kuhusu hicho kipengele cha kufa, wakasaini wote. Rafiki yake, mchomeleaji wa mageti ambaye mtaa mzima unamwita Cheche, hana mke wala hana miwani. Alisomewa na Mama Pacha mara mbili, akauliza maswali ya maana kuliko alivyotegemewa, akasaini kwa mkono wenye makovu ya moto.

Akabaki mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa na fungu kubwa kuliko wote. Kaka wa Mama Pacha. Muuza vifaa vya ujenzi, bawaba, rangi, mabomba. Jina lake la mtaani Misumari. Mtu mwema, na wema wake ndio ugonjwa wake: hajui kusema hapana. Mteja akimwomba punguzo anampa, akimwomba jingine anampa, mpaka mkewe alimwekea karatasi ukutani nyuma ya meza: ULIZA KWANZA. Mkewe huyo ni nesi wa chumba cha upasuaji, na mtaani anaitwa hivyo hivyo, Nesi. Huyo hapana anaijua vizuri sana.

Kiwembe alijua kabisa la kufanya. Avae shati, yeye na Mama Pacha, waende nyumbani kwa Misumari, wakae sebuleni, waseme mbele ya Nesi. Alilijua. Na kila alipoliwaza, alijikuta ananoa wembe ambao ulishakuwa mkali. Nesi angeuliza maswali. Nesi angesema hapana. Na Ijumaa ilikuwa inakuja.

Jumatatu, Misumari akaja kunyolewa.

Kiwembe alimpandisha, akamlaza, akamwekea taulo la moto, akampaka povu, akanyoa shavu la kulia taratibu kama anayemenya yai. Hapo ndipo alipoanza.

"Shemeji, ile karatasi ninayo hapa. Kwenye droo ya vitana."

"Niliongea na dada," alisema Misumari, midomo ikichezacheza ndani ya povu. "Ngoja kwanza nikae na Nesi."

"Utamwambia jioni. Kwani unamficha? Ni kuniandikia tu hapa, ili wakili asinisumbue. Sisi ni ndugu, au siyo?"

Wembe ulikuwa chini ya kidevu.

"Mmh," alisema Misumari.

Kiwembe akaweka wembe chini, akamfuta vidole, akampa kalamu. Misumari akasaini akiwa amelala chali, karatasi juu ya kitambaa cha kunyolea, tone la povu likadondokea pembeni ya jina lake. Nafasi ya pili ikabaki tupu. Halafu kitu fulani kikamwingia yule bwana. Akainuka ghafla, akajifuta, akasema ameacha duka wazi, akatoka mbio. Shavu moja lilikuwa safi. La pili lilikuwa na ndevu zake zote.

"Shemeji! Sijamaliza!"

Hakugeuka.

Jioni Mama Pacha akauliza, "Kaka yangu amesaini?"

"Amesaini."

"Na wifi?"

Kiwembe alikuwa anafagia nywele. Akaendelea kufagia pale pale palipokuwa safi.

"Anajua," alisema.

Jumanne Misumari hakupokea simu. Kiwembe alipita mbele ya duka lake mara kadhaa kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Alimwona kwa mbali, amejifunga skafu ya sufu kwenye kidevu, jua la kuchoma mgongo. Macho yao yakakutana, Misumari akainama chini ya meza kutafuta misumari ambayo ilikuwa juu ya meza.

Jumatano mchana ndiyo siku yenyewe.

Cheche alikuwa amekaa kwenye sofa la kusubiria, hana cha kusubiri, anasoma gazeti la wiki iliyopita. Televisheni ilikuwa imewashwa bila sauti. Mlango ukafunguka, akaingia Nesi, bado na viatu vyake vyeupe vya kazini, mkoba begani. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja, akakaa kwenye kiti.

"Karibu, shemeji," alisema Kiwembe, na sauti ikamtoka nyembamba. "Leo umetukumbuka."

"Nimekikumbuka kiti. Nipunguze nywele."

Nesi nywele zake huziweka fupi, kwa sababu ya ile kofia ya upasuaji. Kiwembe akamfunga kitambaa, akawasha mashine. Akauegemeza mkono kwenye kichwa cha Nesi kama anayepima. Akaanza upande wa kushoto. Nesi alimwacha mpaka upande huo ukaisha. Halafu akasema, akitazama kwenye kioo:

"Juzi mume wangu amerudi nyumbani na shavu moja."

Mashine ikasimama hewani.

"Shavu moja vipi, shemeji?"

"Moja laini kama la mtoto mchanga. Jingine kama brashi ya viatu. Nikamuuliza, vipi, kinyozi wako amefariki katikati ya kazi? Akasema umeme ulikatika."

Kwenye sofa, gazeti la Cheche likapanda juu kidogo na kumfunika uso.

"Ndiyo," alisema Kiwembe. "Umeme ulisumbua."

"Wembe siku hizi unatumia umeme?"

Kiwembe akapuliza nywele kwenye mashine.

"Mimi sikuuliza tena. Kazini nimejifunza, mgonjwa ukimnyamazia anasema mwenyewe. Amekaa na shavu lake siku mbili. Amevaa skafu mpaka kitandani. Jana mezani, tunakula, akaweka kijiko chini. Akasema yote. Akalia. Chakula kikapoa." Akanyoosha mkono kutoka chini ya kitambaa, akazima mashine mwenyewe. "Haya. Ondoka nyuma yangu. Kaa hapa."

"Wapi?"

"Hapa nilipokaa mimi."

Alisimama, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine haujanyolewa, na wala hakujitazama kwenye kioo. Kiwembe alimwangalia Cheche. Cheche akageuza ukurasa. Basi akakaa. Miaka yote hiyo hakuwahi kukikalia kile kiti na mtu mwingine amesimama nyuma yake. Nesi akakanyaga pedali kama aliyezaliwa nayo, kiti kikapanda; akavuta mkono wa pembeni, Kiwembe akalala, akabaki anatazama dari, ambayo ilikuwa na ufa mrefu ambao hakuwahi kuujua.

Akasikia maji. Akasikia brashi inazungushwa kwenye bakuli. Povu likamfika puani. Halafu akasikia harufu ya spiriti: Nesi alikuwa anasafisha wembe, kwa pamba, kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe.

"Shemeji, unajua kunyoa?" aliuliza Kiwembe, macho darini.

"Mimi nimenyoa watu wengi kuliko wewe. Kila anayeingia kupasuliwa, sisi ndio tunaomwandaa. Na wengine hawakurudi nyumbani, lakini hiyo haikuwa kazi yangu."

"Taratibu basi, Nesi," alisema Cheche kwenye sofa. "Huyo ana pesa yangu."

"Cheche, soma gazeti lako."

"Nasoma."

Wembe ukagusa shavu la kulia. Ulikuwa wa baridi, na ulikwenda vizuri, vizuri kupita kiasi, bila kusita.

"Unajua kwetu tunafanyaje?" aliuliza Nesi. "Mgonjwa anasaini akiwa amekaa. Amevaa nguo zake, amekunywa maji, daktari amemweleza mabaya yote. Akishalazwa mezani, akishachomwa ile sindano ya usingizi, saini yake hatuitaki hata akituomba. Kwa nini? Mtu aliyelala chali anakubali chochote. Si ndiyo?"

"Mmh," alisema Kiwembe.

"Umeona?"

Cheche akacheka puani, akajifanya amekohoa.

"Sasa nijibu kwa maneno. Wapangaji wakihama wote?"

"Nitalipa kwa hii kazi. Itachukua muda mrefu zaidi. Imeandikwa."

"Ukifa?"

"Mama Pacha atachagua. Aendelee kulipa kwa kodi, au auze awalipe. Imeandikwa pia."

"Vizuri. Na hii pesa ya mume wangu, unajua ni ya nini?"

Kiwembe alimeza mate. Aliona aibu kwamba koromeo lilipanda na kushuka na Nesi aliliona.

"Sijui. Sikumuuliza."

"Ya paa. Chumba tunacholala kinavuja. Mvua ikinyesha, mimi nalala huku, mume wangu kule, katikati beseni. Mwaka mzima tumelala watatu." Wembe ukafika kwenye taya, ukageuka kona bila kugusa. "Mtu anatoka zamu amesimama tangu asubuhi, anafika nyumbani, anamwaga beseni. Tukaweka kidogo kidogo. Wewe umekuja na povu, umechukua paa langu."

Na hilo halikuwa swali la mwisho. Nesi akafuta wembe kwenye taulo, akauweka chini ya kidevu, mahali pale pale Misumari alipowekewa, akauacha umetulia.

"La mwisho. Wifi yangu anajua kuwa mimi nilikuwa sijui?"

Kiwembe alitazama ule ufa. Alikuwa na jibu moja la kumwokoa, fupi, na alikuwa ameshalizoea tangu Jumatatu. Angesema Mama Pacha alijua, makosa yangekuwa ya watu wawili, na mzigo wa watu wawili si kama wa mmoja. Wembe haukusogea.

"Hajui," alisema. "Nilimwambia unajua. Nilimdanganya mke wangu."

Mlango wa uani una bawaba inayolia. Ukalia. Kiwembe hakuweza kugeuza shingo, lakini kwenye pembe ya kioo aliona kanga na ndoo, ndoo inawekwa chini polepole sana. Mama Pacha alikuwa amesimama pale kwa muda gani, hakuna aliyejua. Kiwembe angependa apige kelele.

Nesi akavuta mkono wa pembeni, kiti kikamwinua Kiwembe mpaka wakatazamana kwenye kioo. Shavu la kulia lilikuwa safi, kazi ambayo hata yeye asingeipata vile. La kushoto lilikuwa bado na povu na ndevu.

"Mbona hujamaliza?"

"Umeme umekatika," alisema Nesi, akanawa mikono.

"Lakini jamani," Cheche akashusha gazeti, "tuseme ukweli. Misumari ni mtu mzima, na amesaini. Karatasi ipo. Ijumaa ni keshokutwa. Kiwembe akiitoa tu kwa wakili..."

Akanyamaza mwenyewe, kwa sababu wanawake wote wawili walikuwa wanamtazama Kiwembe.

Na kweli karatasi ilikuwepo, kwenye droo ya vitana, hatua moja kutoka kwenye kiti. Bila hiyo hakuna nyumba. Bila nyumba, basi dogo litakaa pale pale aliposimama Nesi, na geti litakaa kwenye kioo, na yeye na Mama Pacha na wale mabinti watatafuta vyumba vya kupanga mji huu huu ambao kodi yake inapanda kama ile pedali. Kiwembe akafungua droo. Akaitoa. Lile tone la povu lilikuwa limekauka, limeacha duara jeupe pembeni ya jina.

"Chukua, shemeji. Ichane."

"Sichani mimi. Sikuiandika."

Basi akaichana mwenyewe, mara moja, mara mbili, akaviweka vipande kwenye ndoo ya nywele.

Nesi akachukua mkoba.

"Kesho jioni, nyumbani kwangu. Wewe na wifi. Mje na karatasi nyingine, safi. Sijasema ndiyo. Nimesema mje." Akafika mlangoni, akageuka. "Na hizi nywele utazimalizia siku nyingine."

Akatoka na kichwa chake cha nusu, ameinua shingo, na nakuambia barabara nzima hakuna aliyethubutu kucheka.

Mama Pacha hakumsemesha mumewe jioni ile, wala asubuhi yake. Alimwekea chakula, alimwekea maji ya kuoga, alimpigia pasi shati. Neno, hapana. Alhamisi wakatembea mpaka kwa Misumari, yeye mbele, Kiwembe nyuma na bahasha.

Sebuleni walikaa wote wanne kwenye viti vya kawaida, vya mgongo ulionyooka. Wanaume wawili wenye shavu moja moja walikaa wakitazamana, kila mmoja kama amejiona kwenye kioo kibaya. Karatasi ikasomwa kwa sauti, na aliyesoma ni Mama Pacha. Kila kipengele Nesi alikuwa anasema, "Rudia." Misumari alijaribu kusema, "Mimi naona ni sawa," na mkewe akamwambia, "Wewe subiri. Sema mwishoni, useme unachotaka wewe." Jasho likamtoka yule bwana. Hakuwahi kuulizwa anachotaka.

Ilipofika mwisho, akatazama dari yake yenye madoa ya maji, akatazama dada yake, akavuta pumzi.

"Nataka kuwakopesha," alisema. "Lakini si yote. Nataka paa."

Nadhani hilo ndilo hapana la kwanza maishani mwake, na lilitoka limevaa nguo za ndiyo. Nesi alimwangalia kwa namna ambayo sijui kama amewahi kumwangalia hivyo siku ya harusi.

Kwa hiyo ya paa ikatolewa pembeni, kiasi kikabadilishwa, wakasaini wote wawili. Ikawa halali na safi. Na ikawa haitoshi.

Njiani kurudi, Kiwembe alipiga hesabu kwa midomo, akaipiga tena. Pengo lilibaki pale pale. Si kubwa la kukatisha tamaa kabisa, si dogo la kuombea muujiza. Ijumaa ilikuwa kesho. Kwenye kona ya mtaa wao kuna kinyozi mwingine, kijana wa mataa ya rangi na muziki mkubwa, ambaye kila akipita hutupa jicho kwenye kile kiti kama anayetazama mchumba wa mtu. Mama Pacha akasimama mbele ya mlango wake. Ndipo akamsemesha mumewe, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Uza kiti."

"Mama Pacha, kile kiti ni cha marehemu bwana wangu."

"Uza kiti, uza na televisheni, na hilo sofa ambalo Cheche ndiye analilalia. Kiti ndicho kilichokutia kiburi. Mimi nitalala na mtu aliyenidanganya mara moja, nitajaribu. Lakini kile kiti sitaki kukiona."

Kiwembe alitazama ndani kwa yule kijana, mataa ya bluu na nyekundu yakimpaka shavu moja moja. Akaingia.

Wanaume wanne walikibeba asubuhi ya Ijumaa, na Cheche alikuwa mmoja wao, analalamika kuhusu sofa lake njia nzima. Kufikia mchana wote walikuwa wamejazana kwa wakili juu ya duka la dawa. Wakili alikagua kila nafasi, kila jina, akawatazama wale wanaume wawili, akauliza kama kuna msiba ambao hakuambiwa. Binti wa marehemu akahesabu, akasaini, akalia kidogo, akampa Kiwembe mkono. "Hongera, mjomba." Chini barabarani, mtu wa magari alikuwa amekaa ndani ya gari lake, futi juu ya dashibodi. Alipoona nyuso zao, akawasha, akaondoka.

Mwenye nyumba mpya akarudi nyumbani kwake, akasimama katikati ya chumba cha kinyozi. Kilikuwa kimebaki kioo, droo, na alama nne kwenye sakafu pale miguu ya kiti ilipokaa miaka yote. Mama Pacha akatoka uani na kiti cha plastiki cha jikoni, akakiweka juu ya zile alama.

"Haya. Wateja wako," alisema. Haikuwa sauti tamu. Lakini yalikuwa maneno matatu, na juzi yake halikuwepo hata moja.

Misumari ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikaa wima, magoti pamoja, kama mtoto wa shule. Kiwembe alilazimika kuinama mpaka kiuno kikalia, taulo la moto likateleza, povu likachuruzika kwenye kola. Akaanza kunyoa lile shavu lililobaki, yeye mwenyewe lake bado. Kwa mazoea tu, hakuwa hata na nia mbaya, mdomo ukamponyoka:

"Shemeji, lile rejesho la kwanza likichelewa kidogo, wiki moja hivi, tutaelewana. Au siyo?"

Misumari aligeuza shingo, maana sasa ilikuwa inageuka. Akamtazama usoni.

"Hapana," alisema. Akajishangaa. Akarudia, kuisikia vizuri. "Hapana, shemeji. Ongea na Nesi."

Nyuma ya mlango wa uani, Mama Pacha alicheka.